Madame Aliyetufundisha Kupisha

Madame alitufundisha ule wakati uliopita wa Kifaransa cha vitabuni kwa kututajia mama mkwe. Tulikuwa vijana wa sekondari pale Kendu Bay, wachumba hatuna hata wa kusingizia, naye amesimama mbele ya ubao na chaki yake aliyoizungushia karatasi ili isimchafue vidole.

"Ukipatana na maro kwa barabara, unafanya nini?"

Darasa likaangua kicheko. Maro ni mama mkwe kwa Kijaluo, na kwetu hakuna mtoto asiyejua jibu. Mwanamume akimwona mama wa mkewe anakuja kwa mbali, hutoka njiani, akasimama kwenye nyasi na kuinamisha macho mpaka mama apite. Hampi mkono, hali naye meza moja, wala hakai naye kupiga soga.

"Tunampisha, Madame!"

"Mmejuaje ni yeye na hamjaongea naye?"

"Tunamjua tu, kwa mwendo!"

"Ero, hapo hapo!" akasema, akagonga neno la Kifaransa aliloliandika ubaoni. "Sasa hii hapa ni maro. Inakaa kwa kitabu peke yake. Mfaransa haulizi nayo bei ya nyanya, haiti nayo mtoto. Kazi yako si kuongea na yeye. Kazi yako ni kumjua kutoka mbali na kumpisha."

Msichana mmoja wa nyuma, mwenye maswali kama wakili, akainua mkono. "Na maro mwenyewe, Madame, yeye anasimama tu katikati ya barabara kama ng'ombe?"

"Maro mwenye adabu pia anapisha," Madame akajibu. "Heshima haina upande mmoja. Huyu anaenda huku, huyu anaenda huku, barabara inabaki wazi."

Kwa asiyekijua Kifaransa, jambo lenyewe ni hili. Mfaransa akikusimulia ya jana kwa mdomo, atasema *il est allé*, alienda. Fungua riwaya, utamkuta mtu yuleyule ameenda kwa neno jingine fupi, *il alla*, na anaona, anakula na kufa kwa maneno ambayo hujawahi kuyasikia kwenye mazungumzo. Madame alisema ni kama bibi anapoanza hadithi jioni, "chon gilala", hapo zamani za kale: hata sauti yake huacha kuwa ya kukutuma kuni. Sisi tusiojua tulikuwa tunakwama. Mwenzetu mmoja alikutana na *le juge fut content*, hakimu aliridhika, akatafuta *fut* katika kamusi, akaangukia neno linalofanana nalo lenye maana ya pipa, na akatusomea kwa ujasiri mkubwa kwamba hakimu alikuwa pipa lililoridhika. Madame alicheka mpaka akaketi.

Walimu wa kike wote Kenya huitwa madam, na pale shuleni walikuwepo kadhaa. Wetu tu ndiye aliyekuwa Madame, uzito wa sauti mwishoni, na ukiuweka mwanzoni angekupita kana kwamba umemwita mtu mwingine. Mjini nako hakuna aliyemjua kwa jina jingine. Wauza omena, wale dagaa wa ziwani, walimwamkia "Bonzuu, Madame!" kutoka mbali, naye akaitikia kwa furaha, na kwa salamu hiyo bei ikapanda kidogo. Alijua. Alisema ni karo ya lugha.

Hakuwahi kufika Ufaransa, wala kupanda ndege. Aliyemcheka kwa hilo alijibiwa papo hapo: "Na wewe umewahi fika mbinguni? Na kila Jumapili si unaimba habari yake?"

Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyeitwa Virgule, yaani mkato, kwa sababu kila akipelekwa majini alisimama katikati ya njia bila sababu, akapumua, kisha akaendelea. Alibeba mwavuli siku za jua, na siku za mvua akauacha nyumbani usilowe. Darasani alitukataza Kijaluo kwa ukali, lakini akisahihisha mitihani tulimsikia akijumlisha alama kwa Kijaluo kitupu, kwa sababu, alisema, mambo ya alama hayataki mchezo. Alimkaripia mwalimu mkuu mbele ya wazazi, aliendesha pikipiki wakati wanawake wa rika lake walikuwa wanaogopa hata kupakiwa, na alikataa mila nyingi ambazo ukoo wa mumewe ulijaribu kumvisha. Ungedhani mtu wa namna hiyo hana habari na mambo ya kupishana njiani. Ungekosea sana, nami nilikosea.

Kila mmoja wetu alipewa jina la darasani. Mimi nilikuwa Etienne, na mpaka leo nikilisikia popote hugeuka.

Nirudi kwenye kupisha, maana hapo ndipo Madame alipotuharibu kabisa. Haikutosha kulitambua neno kwa macho. Alitaka mwili ulitambue. Mwenzako akisoma kwa sauti na neno la vitabuni likatokea, ulitakiwa uegemee kushoto kidogo pale ulipoketi, kama mtu anayetoka njiani, kisha urudi. Asiyeegemea alikuwa hajamwona. Wanaovaa kofia, kama *nous allâmes*, tulienda, yenye kile kipaa juu ya herufi, tuliwaegemea zaidi, kwa sababu huyo ni maro anayetoka kanisani na nguo zake nzuri. Baada ya muhula mmoja tulikuwa hatufikiri tena. Shingo zilijua.

Basi siku moja akaja mgeni kutoka Nairobi, mkaguzi wa lugha, bwana mwenye miwani ya dhahabu. Akaketi nyuma. Tukaanza kusoma. *Elle sortit*, alitoka, darasa zima likalala kushoto. *Elle prit le seau*, alichukua ndoo, likalala tena. Mgeni akatazama chini ya madawati. *Ils arrivèrent*, walifika, tukalala mpaka wa mwisho wa mstari akagusa ukuta.

"Mwalimu," mgeni akauliza kwa upole, "hizi dawati ziko na shida?"

"Hapana, bwana," Madame akasema. "Kuna mama anapita."

Yule bwana aligeuka kutazama mlangoni. Tulibana kicheko mpaka machozi yakatoka. Alipoelezwa, aliomba tusome ukurasa mwingine, na kufikia nusu ya ukurasa naye alikuwa anaegemea.

Kitabu tulichokuwa tunasoma kilikuwa kimoja tu, miaka yote, kila darasa. Kilikuwa kimepoteza jalada, Madame akakivalisha kalenda ya kanisa. Ndani yake mjane mmoja na jirani yake wanagombania kisima kilicho kati ya mashamba yao, na ugomvi unafika mahakamani. Kwa watu wa kwetu hiyo si hadithi, ni habari ya jirani. Tuligawanyika. Wengi tulikuwa upande wa mjane, lakini vijana wawili watatu waliotoka kwenye familia zenye kesi za mipaka walimtetea jirani kwa hoja nzito, na somo likageuka kuwa baraza. Madame mwenyewe hakuficha upande wake. "Huyo mama kisima ni chake," alisema. "Hata Virgule anajua."

Kila mwaka mitihani ilituwahi. Kila darasa liliondoka shuleni likimwacha mjane amesimama mbele ya hakimu, na darasa lililofuata likaanza ukurasa wa kwanza. Na Madame hakuwahi kusoma mwisho. Tulimwuliza kwa nini hachungulii.

"Ukienda kwa watu, unafunua sufuria ya mwenyeji uone nini kinaiva? Unangoja uitwe mezani. Nikistaafu, nitaketi, nitanywa chai yangu, nitamaliza."

Nilimaliza shule, nikaenda Migori kufanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Watu waliniuliza Kifaransa kitanisaidia nini kuuza misumari. Siku moja, kwenye turubai la vitabu vya mtumba karibu na soko, nikaokota riwaya ya Kifaransa iliyoliwa na panya pembeni. Nikaifungua dukani, wateja hakuna, na katika ukurasa wa kwanza nikawaona. *Il entra. Il s'assit. Il ne dit rien.* Akaingia, akaketi, hakusema neno. Nilifurahi kama mtu aliye mji wa ugeni akasikia anaitwa jina la utotoni. Nikampigia simu.

"Madame, nimewaona!"

"Wengi?"

"Wamejaa!"

"Umewapisha?"

Nilikuwa nimewapisha. Fundi mmoja wa mabomba aliyekuwa ameingia kununua gundi aliniuliza kama shingo inauma.

Tangu hapo kila nilipopata likizo nilikwenda kwake Kendu Bay kuazima vitabu. Nilikaa kwenye kochi lake la kitambaa cha maua, akanilisha samaki aina ya ngege wa kuchemsha, tukabishana mpaka jua linazama ziwani. Hizo zilikuwa siku zangu bora, nasema bila kuona haya. Na katika siku hizo binti yake, aliyekuwa anasomea uuguzi, alikuwa anarudi nyumbani naye kwa likizo. Madame alianza kunishuku nilipoazima kamusi aliyojua ninayo.

Hakuzunguka mbuyu. Alimtuma binti dukani, akaniketisha.

"Etienne, unampenda huyu mtoto?"

"Ndiyo, Madame."

"Yeye anakupenda, ameniambia. Mimi sina neno. Lakini fikiria vizuri. Ukimuoa, mimi ni maro. Hii kochi huketi tena."

Nilidhani anatania. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilioa, na sijutii hata sekunde moja. Mke wangu akisoma hapa ajue hivyo. Lakini siku ile ile nilipata mke nikampoteza mwalimu. Nilipokuja baada ya harusi, mikono imejaa sukari na unga, maana mkono mtupu haulambwi, nilielekezwa kwenye nyumba ndogo ya wageni. Chakula kililetwa huko. Nilimsikia Madame anacheka na bintiye jikoni, nikatambua sauti ya mtu anayesimulia jambo zuri, na sikuweza kwenda kulisikia. Tukikutana uani alishuka upande wake, nikashuka wangu, macho chini. Jina la Etienne lilikwisha. Watoto walipozaliwa nikawa "baba ya watoto", na maneno yote yalipitia kwa mke wangu, hata kama nimesimama pale pale.

Mchungaji wao alijaribu kumshauri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. "Pastor," akamjibu, "wewe uko na kanisa mzima ya kuhubiria. Mimi niko na mkwe mmoja. Wacha nimheshimu." Heshima si utumwa, watu husema, na kwake haikuwa. Nafikiri aliona kwamba akiivunja mila hiyo moja, yote aliyotufundisha yangekuwa mzaha wa darasani. Lakini mimi niliumia, na mke wangu aliniambia kwamba baada ya mimi kuondoka mama yake naye hukaa upande mmoja wa kochi, ule niliokuwa nikikaa akauacha wazi.

Akastaafu. Akatengeneza chai yake, akafungua kile kitabu cha kalenda ya kanisa, na macho yakakataa. Alikuwa ameona ukungu kwa muda mrefu na kumsingizia fundi wa miwani. Daktari kule Homa Bay akasema ni presha ya macho, imekaa sana, kilichopotea hakirudi. Aliweza kuona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, lakini herufi zilikuwa zimeondoka.

Alilichukulia vizuri kuliko sisi. Alijifunza upya kukama Virgule kwa kupapasa. Lakini mke wangu alipotoka kumwona alirudi Migori amenyong'onyea. "Mama haongei," akaniambia. "Anakaa tu na hiyo kitabu kwa mapaja. Nimemuuliza anataka nini, akasema anataka kujua kama huyo mama alipata kisima."

Tulimwekea simu inayosoma yenyewe. Akaisikiliza kwa dakika chache, akairudisha. "Huyu anasoma kama mtu wa redio anatangaza vifo. Tena hana adabu. Amekutana na maro ukurasa mzima na hapishi hata mmoja." Wanafunzi wake wengine walikuwa wametawanyika, Mombasa, Nairobi, wengine nje kabisa. Aliyebaki karibu, anayeweza kumsomea Kifaransa, alikuwa mmoja, na ndiye pekee duniani asiyeruhusiwa kuketi naye.

Tulikwenda Jumamosi. Nilisimama uani, yeye ndani sebuleni, dirisha wazi na pazia limeshushwa, na mke wangu mlangoni kama mkalimani wa mahakama.

"Mwambie Madame," nikasema, "nimekuja kumsomea."

"Mwambie baba ya watoto," ikatoka sauti ndani, "asante, lakini mkwe na maro hawapigi soga."

"Mwambie Madame sitapiga soga. Ni yeye alisema Mfaransa hapigi soga na hiyo. Inakaa kwa kitabu peke yake."

Virgule alipumua huko nyuma. Kisha nikasikia kicheko kidogo, kile cha zamani cha hakimu pipa, kinakuja polepole kama maji yanayoanza kuchemka.

"Yawa, jamani," akasema. "Mwambie aketi nje, chini ya dirisha. Mimi ndani. Na asikohoe kama anasoma."

Hivyo ndivyo tulivyofanya, Jumamosi hadi Jumamosi, kila nilipoweza kufunga duka. Mimi kwenye kigoda, mgongo ukutani, kitabu cha kalenda magotini. Yeye upande wa pili wa ukuta huo huo. Hatukusema neno letu hata moja. Nikitamka vibaya aligonga ukuta kwa fimbo, na mara mbili aligonga kwa sababu jirani wa kitabuni amemtukana mjane, kosa ambalo halikuwa langu. Wapita njia walisimama. Jirani wake wa kweli alimwuliza mke wangu kama tumeanzisha kanisa jipya, na la nabii gani.

Tulipita pale ambapo madarasa yote yaliachia. Nilikuwa sijawahi kuvuka hapo, wala yeye, na nikawa nasoma kwa kidole, neno kwa neno, kama siku ya mtihani. Hakimu alisikiliza mashahidi kwa kurasa nyingi mno. Fimbo ikakosa subira. Mwishowe hakimu akasimama, akavaa miwani, akasoma: kisima ni cha mjane.

Kutoka dirishani kilitoka kigelegele ambacho sijapata kusikia, kirefu, cha harusi kabisa. Jirani wa kweli alikuja mbio kuuliza nani amejifungua. "Ni kisima!" Madame akapiga kelele. "Tumeshinda kisima!" Na jirani, asiyejua kisima gani, akapiga kigelegele naye, kwa usalama.

Zilibaki aya mbili. Asubuhi iliyofuata mjane alikwenda kuteka maji. Akamkuta yule jirani amesimama mbali, na ndoo tupu, anaona haya kusogea. Mjane akateka, akajitwika ndoo yake kichwani, akaondoka pembeni, akamwachia njia. Jirani akaja, akateka. Hawakusemezana. Hapo kitabu kikaisha, vitendo vyote vifupi, vyote vya vitabuni, kimoja baada ya kingine, na mimi shingo yangu ilikuwa imeegemea kushoto tangu mwanzo wa aya.

Nilikifunga. Sasa kitabu kimekwisha na mimi ni mkwe tena. Ndani fimbo haikugonga, nikahofu kwamba analia. Nilitaka kumwita mke wangu apitishe neno, lakini alikuwa jikoni.

"Etienne," sauti ikasema.

Nilikuwa sijaitwa hivyo naye tangu harusi. Niligeuka.

"Ndiyo, Madame."

"Umewapisha?"

"Nimewapisha, Madame. Wote."

"Hata ile ya mwisho?"

"Hata ya mwisho."

"Mimi pia," akasema. "Mimi pia nimepisha."

Mke wangu akaja na chai, birika moja, akaingiza kikombe kimoja ndani na kunipa kingine nje, tukanywa.